Kamba, fanusi na sikio: mwongozo wa kuandika skripti ya filamu ya mauaji ya zama za Edgar Allan Poe

Vijana wanaoniletea skripti za "mauaji ya kizamani, ya kutisha, kama za Poe" karibu wote huwa wameanzia kwenye mapambo. Kunguru yupo. Ukungu upo. Jumba lenye mlango unaolia lipo, na bibi harusi aliyekufa anapita koridoni kavaa nyeupe. Ukiuliza nani kamuua nani, kwa kifaa gani, saa ngapi, na mtazamaji alionyeshwa wapi, unajibiwa, "Hapo bado nafikiria, mwalimu."

Basi tuanzie hapo ambapo bado wanafikiria. Poe ndiye aliyeandika hadithi za mwanzo za upelelezi kwa sura tunayoijua leo, na somo lake kubwa kwa mwandishi wa filamu ni moja: kitu kinachotafutwa kiweke mezani, taa ikiwaka, watu wote wakikitazama. Hatua zote zinazofuata zinazunguka somo hilo. Kuanzia hatua ya tatu nitatumia kisa kimoja nilichokibuni mwenyewe, ili uone kazi inavyokwenda na wapi nimejikwaa.

Hatua ya kwanza: tazama filamu moja, mara mbili

Moja tu, ila uichambue hadi mifupa. Mimi nashauri The Pale Blue Eye ya dairekta Scott Cooper, iliyoingia Netflix Januari 2023, kutoka riwaya ya Louis Bayard ya mwaka 2006. Kama hujaitazama, simama hapa uitazame kwanza, maana naenda kutoboa mwisho wake.

Tuko kwenye chuo cha kijeshi cha West Point, jimbo la New York, baridi ya mwaka 1830. Mwanafunzi mmoja kakutwa ananing'inia mtini. Maiti ikiwa imehifadhiwa, mtu anaingia anaukata moyo na kuondoka nao. Wakubwa wa chuo wanamwita mpelelezi mstaafu, Augustus Landor, mjane anayependa chupa, ambaye Christian Bale kamcheza kama mtu aliyekosa usingizi miaka miwili. Landor anamtafuta mwanafunzi wa kumpa habari za ndani ya kambi, naye anampata kijana mshairi anayeitwa Edgar Allan Poe. Hili halikubuniwa: Poe aliingia West Point kweli mwaka 1830, na mapema mwaka 1831 mahakama ya kijeshi ikamfukuza kwa kukwepa gwaride na kazi nyingine za chuo.

Mara ya kwanza tazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Mara ya pili kaa na daftari lenye safu tatu: kilichosemwa, kilichoonekana, nani alikuwepo. Ukifika mwisho utagundua kuna mikono miwili. Moyo umekatwa na familia ya daktari wa chuo, kwa kafara ya kumponya binti yao mgonjwa. Lakini aliyemnyonga kijana ni Landor mwenyewe, analipa kisasi cha binti yake, aliyebakwa na wanafunzi watatu kisha akajirusha gengeni. Ameitwa kupeleleza mauaji aliyoyafanya kwa mikono yake.

Sasa angalia kwa nini hatumshuku. Anapoambiwa kwamba moyo umekatwa, anashtuka, na mshtuko wake ni wa kweli! Yeye alimwacha marehemu akiwa mzima wa kifua. Mwigizaji hana haja ya kudanganya. Jambo la pili limelifunika la kwanza. Nimeitazama sini ile mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele ya mke wangu, na kila mara nasema huyu mwandishi alikaa chini akafikiri. Andika daftarini kwa herufi kubwa: MPE MUUAJI KITU ASICHOKIJUA.

Kinachomkamata Landor nacho ni cha mezani. Kipande cha karatasi kilichotoka mkononi mwa marehemu walikisoma pamoja, yeye na Poe, vichwa vikigusana. Baadaye Poe anakilinganisha na mwandiko wa kibarua ambacho Landor alimwandikia yeye. Ushahidi ulikuwa umelala mbele yao muda wote.

Na tazama filamu inavyomkopa Poe: kwa vijiko vidogo. Jina la filamu linatoka kwenye lile jicho la buluu lililofifia katika hadithi ya The Tell-Tale Heart. Jina Landor linatoka kwenye mojawapo ya hadithi zake za mwisho. Kunguru wapo, ila hawaongei.

Hatua ya pili: soma hadithi tatu, kutoka kila moja chukua kitu kimoja

Poe alifariki Baltimore Oktoba 1849, akiwa na miaka 40, kwa hiyo hadithi zake hazina mwenye kudai hakimiliki. Riwaya ya 2006 na filamu yake zina wenyewe. Hizo jifunze kwazo, usizinyofoe.

The Murders in the Rue Morgue, 1841. Mashahidi wanasikia sauti ya muuaji ndani ya chumba kilichofungwa. Kila mmoja anaapa kwamba ilikuwa lugha ya kigeni, na kila mmoja anataja lugha ambayo yeye mwenyewe haijui. Chukua hilo la sikio: shahidi mkweli anayesikia vibaya.

The Purloined Letter, 1844. Polisi wanachimba nyumba nzima kutafuta barua, hata viti wanavichunguza kwa hadubini, kumbe barua imechomekwa kwenye kishikio cha kadi, kila anayeingia anaiona. Chukua uwazi.

The Tell-Tale Heart, 1843. Hii haina mpelelezi kabisa. Muuaji anajifichua mwenyewe: anasikia moyo wa marehemu ukidunda chini ya mbao, hadi anapiga kelele na kukiri. Chukua sauti isiyonyamaza.

Hizo tatu zinatosha. Nyingine soma kwa starehe yako. Ukitaka kuona mbegu ile ilivyosafiri, fuata kiko: Dupin, mpelelezi wa Poe, anavuta kiko gizani; anakuja Sherlock Holmes na kiko chake; na Unguja, Muhammed Said Abdulla akampa kiko mpelelezi wake, Bwana Msa. Sisi wasomaji wa Kiswahili ni wajukuu wa jambo hili tangu zamani.

Hatua ya tatu: tafuta upenyo katika historia

Filamu ya zamani hupata nguvu inapoingia kwenye ufa wa mambo yaliyotokea kweli. Riwaya ya Bayard iliingia kwenye ule muda mfupi Poe alipokuwa kadeti. Wewe usimburute Poe tena. Tafuta mahali na mwaka katika dunia yake ambapo wewe, mtu wa Kiswahili, una jambo la kuona ambalo mwandishi wa Boston hataliona.

Mimi nimepata hapa. Tarehe 30 Aprili 1840, meli iitwayo Sultana ilitia nanga New York ikitoka Unguja, imetumwa na Sayyid Said, sultani wa Unguja. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Na'aman. Ilibeba pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na ngozi. Serikali ya Marekani ikaifanyia matengenezo kwenye karakana ya jeshi la majini, na Agosti ikaondoka kurudi nyumbani. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miezi zaidi ya mitatu ya joto la kiangazi, mabaharia kutoka Unguja wakiwa kwenye magati ya New York, mwaka mmoja kabla ya Poe kuchapisha hadithi yake ya kwanza ya upelelezi. Ukiona upenyo wa namna hiyo, ingiza mguu haraka kabla mwenzako hajauona.

Halafu tafuta kitu cha biashara kinachounganisha pande mbili. Hapa ni merikani, ile nguo nyeupe ya pamba iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, ikauzwa pwani yetu hadi ikapata jina la nchi ilikotoka. Robota la merikani litatufaa. Litaua mtu.

Hatua ya nne: tengeneza kalenda ya vitu kabla ya kuandika sini hata moja

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoaibisha. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na baharia anayewasha taa ya chemli. Nikampelekea mzee mmoja aliyefanya kazi melini, akasoma ukurasa wa pili, akaufunga. "Mafuta ya taa mwaka 1840 umeyanunua sheli gani?" Taa za mafuta ya taa zilienea baada ya miaka ya 1850. Kabla yake ni mshumaa, au mafuta ya nyangumi.

Chukua karatasi, andika mwaka wako katikati, kisha gawa vitu: vilivyokwishafika upande mmoja, visivyofika upande wa pili. Kwa mwaka 1840 yangu inasomeka hivi. Kiberiti cha kusugua kipo, kilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1827. Kipimo cha kugundua sumu ya aseniki kipo tangu 1836, hivyo ukitaka kuua kwa sumu jua kwamba kuna mkemia anayeweza kukukamata. Picha za Daguerre zimetangazwa Paris mwaka jana tu, 1839, kwa hiyo hakuna atakayepiga picha maiti gatini usiku. Magazeti ya senti 1 yapo tele na yanapenda damu. Telegrafu ya waya bado hadi 1844, kwa hiyo habari inakwenda kwa farasi, treni au meli. Dawa ya usingizi ya upasuaji bado hadi 1846.

Kwa upande wa ushahidi, giza ni totoro. Alama za vidole hazijamtia mtu hatiani popote hadi 1892, huko Argentina. Damu ya mtu na damu ya mbuzi hakuna awezaye kuzitofautisha maabara hadi 1901. Usione ni hasara. Shati lenye damu jikoni mwa meli linaweza kumnyonga mpishi asiye na hatia, na wewe mwandishi umepata kurasa arobaini bure.

Polisi je? New York ya 1840 haina jeshi la polisi kama tunavyolijua. Litaundwa mwaka 1845. Kuna walinzi wa usiku wenye kofia za ngozi, wanaozunguka mitaani, wengi wao mchana wana kibarua kingine. Kwa hiyo hakuna inspekta atakayekuja na miwani kueleza kila kitu. Mtu wa kwanza kufika kwenye maiti ni mlinzi mwenye usingizi.

Na kuna jambo moja la kalenda hii lisilo kifaa. Utumwa ulikuwa umekomeshwa katika jimbo la New York tangu 4 Julai 1827, lakini watekaji walikuwa wakiwakamata watu weusi mitaani na kuwauza majimbo ya Kusini, kiasi kwamba mwaka 1835 iliundwa kamati ya kuwalinda. Baharia wako mweusi akimkimbia mlinzi, hakimbii kesi ya mauaji peke yake. Wala usiifanye Unguja kuwa Peponi: mwaka huohuo Unguja ilikuwa soko kubwa la watumwa, na kila aliyemo melini anajua. Ukiliacha hilo nje, filamu yako itanuka uongo hata kama fanusi ni sahihi.

Hatua ya tano: panga mauaji kinyumenyume

Usianze na maiti. Anza na muuaji, siku aliyoamua. Andika kurasa mbili zisizoingia kwenye skripti, kwa nafsi ya kwanza, jinsi Poe angefanya: "Mimi karani nilimuua mwajiri wangu, na sasa nitakueleza kwa utulivu namna nilivyofanya."

Kisa changu ni hiki. Mwenye ghala moja kwenye gati anauza merikani kwa meli ya Unguja. Karani wake amekuwa akiiba kwenye hesabu kwa miaka, na meli ikikamilisha mzigo hesabu zitafungwa. Jioni, robota la mwisho linapandishwa kwa roda, lile gurudumu la kupitishia kamba. Roda inakwama, robota linabaki linaning'inia juu ya mlango. Kamba imefungwa kwenye nguzo. Karani anatundika fanusi ya mshumaa kwenye nguzo hiyohiyo. Fanusi imekosa kioo kimoja, upande unaogusana na kamba. Mshumaa ukiwa mrefu, moto uko juu ya kamba, hauidhuru. Mshumaa unavyoisha, moto unashuka. Ukifika usawa wa kamba, kamba inaungua. Wakati huo karani yuko mtaa wa tatu, anacheza karata mbele ya watu sita. Mwenye ghala, kama kila usiku, anakuja kufunga mlango.

Kabla hujaandika, jaribu. Nilifunga ndoo ya mchanga uani kwa kamba ya katani, nikatundika mshumaa. Mara ya kwanza kamba ilishika moto ikapanda juu kama fataki, jirani akaja na debe la maji. Mara ya pili niliilowesha kidogo, ikaungua taratibu, uzi mmoja baada ya mwingine, ikitoa moshi mzito wa harufu ya gunia. Harufu ile sikuwa nayo kwenye skripti. Ikaingia, na ikawa ndiyo inayomfanya baharia wetu, aliyekuwa anapita, ageuke na kupiga kelele.

Anapiga kelele gani? "Kamba! Kamba!"

Mlinzi wa usiku yuko mbali, gizani, anajua Kiingereza tu. Anasikia "come back, come back". Anaapa kwamba alimsikia yule mweusi akimfukuza marehemu na kumwita arudi. Ni mkweli kabisa. Sikio lake lilifanya kilichofanywa na masikio ya Rue Morgue: lilitafuta neno linalolijua.

Hatua ya sita: weka ushahidi mezani

Hiki ni kipande cha ukurasa wa kwanza. Maneno ya Wamarekani nayaandika Kiswahili kwenye rasimu na kuyatia alama (K), ili nikumbuke kwamba kwenye filamu ni Kiingereza.

NJE. GATI LA SOUTH STREET, NEW YORK. MAGHARIBI. AGOSTI 1840.

Robota linaning'inia nusu ya njia. Roda inalia mara moja, inanyamaza. Wapagazi wanafuta jasho. Mabaharia wa Sultana wanapita na mizigo, kelele zao zinachanganyika: "Lete kamba! Vuta! Shika kamba hiyo, we!"

MWENYE GHALA (K): Liacheni hapohapo. Kesho.

KARANI (anatundika fanusi) (K): Nakuachia mwanga, mzee. Kizingiti hicho kitakuja kukuangusha.

MWENYE GHALA (anacheka) (K): Una huruma kuliko mke wangu.

Mambo matatu yameshafanyika. Silaha imeonekana katikati ya picha, tena kama wema. Neno "kamba" limetamkwa mara mbili kama kelele za kazi, halina uzito wowote. Na roda imelia. Mtazamaji anadhani tunamjulisha mahali.

Sasa angalia sini ya maiti. Watu wanakusanyika gizani, nani analeta mwanga? Karani, amerudi kutoka kwenye karata, anaichukua fanusi nguzoni na kuinyanyua juu ya marehemu ili watu waone. Umati mzima unaimulika maiti kwa silaha iliyoua, na hakuna anayeitazama, kwa sababu hakuna mtu anayetazama taa. Watu hutazama kinachomulikwa. Kameramani wako atataka kuisogelea ile fanusi. Mkatalie. Mwambie aitazame maiti kama wengine.

Na kumbuka daftari: mpe muuaji kitu asichokijua. Karani hakujua kwamba baharia angepita. Anapoambiwa kuna mtu alipiga kelele, anashtuka kweli. Mwigizaji wako hana la kuigiza.

Hatua ya saba: amua mapema suala la lugha

Hapa nilikwama wiki mbili. Mwanzoni karani alikuwa amewahi kukaa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, jambo linalowezekana, maana balozi wa kwanza wa Marekani alifika Unguja mwaka 1837. Kwa hiyo anajua Kiswahili, na mahakama inamtumia kama mkalimani wa baharia. Anatafsiri kila kitu sawasawa ila neno moja analiruka. Tamu sana, nikaisoma kwa sauti nikajipongeza. Kisha nikagundua: mtazamaji wa Dar au Mombasa anasikia pande zote mbili. Atamkamata karani dakika ya thelathini na kuanza kuchezea simu. Nikaifuta, roho ikiuma.

Dawa ni kutenganisha siri mbili. Alichosema baharia ni siri moja; nani ameunguza kamba ni siri nyingine. Mtazamaji wa Kiswahili ataipata ya kwanza mapema, mlinzi anapotoa ushahidi, na ukumbi utaguna: "Kasema kamba huyo!" Muache agune. Anajiona yuko mbele ya mahakama nzima, na akiwa hapo mbele haangalii nguzo.

Kwa nakala ya matamasha ya nje, usiweke maandishi ya chini kwenye kelele za mabaharia za sini ya kwanza. Wamarekani wa 1840 hawakuzielewa. Watazamaji wa nje nao wasizielewe hadi mpelelezi azieleze. Liandike hilo ndani ya skripti yenyewe, sini kwa sini, la sivyo edita atakutafsiria kila kitu kwa nia njema.

Hatua ya nane: mpelelezi na anayemsindikiza

Mpelelezi wa Poe ana rafiki asiye na jina anayesimulia, mwenye akili za kawaida kama sisi, na ndiyo maana tunaweza kushangaa. Nimempa kazi ya upelelezi sarahangi mzee wa Sultana, yaani mkuu wa mabaharia. Kiingereza chake ni cha bandarini, maneno hamsini, nusu yake matusi. Lakini kamba anaisoma kama wengine wanavyosoma barua. Anaokota ncha iliyodondoka, anainusa, anaipitisha kati ya vidole, kidole kinatoka cheusi na kina mafuta ya mshumaa. Kamba iliyokatwa kwa kisu huwa na ncha safi. Iliyokatika kwa uzito huchanua. Hii imefanya jambo la tatu. Sini hiyo nimeipa dakika tatu bila neno, na ndiyo sini ninayoipenda kuliko zote.

Msindikizaji ni ripota wa gazeti la senti 1, anayetaka damu na vichwa vya habari. Kila akielewa kitu, anaelewa kimakosa kidogo, naye anachapisha. Usimfanye mjinga. Mfanye mwenye haraka.

Hatua ya tisa: hofu ipite sikioni

Roda iliyolia ukurasa wa kwanza ilie tena. Karani akiwa kitandani, asikie roda. Akiwa kanisani, benchi lilie kama roda. Fundi wa sauti awe na rekodi moja tu ya roda halisi ya mbao, aipunguze kasi na kuiongeza, asitumie nyingine. Mshumaa nao una sauti yake ndogo unapokaribia kuisha. Mwisho wa filamu karani hakamatwi kwa kufukuzwa. Sarahangi anatundika fanusi ileile kwenye nguzo ileile mbele ya watu wote, anakaa chini, anangoja mshumaa ushuke. Wote wananyamaza. Nani atakayeongea kwanza, unajua.

Hatua ya kumi: lokesheni na makaratasi

Haraka haraka. The Pale Blue Eye yenyewe haikupigwa West Point. Sehemu kubwa ilipigwa Pennsylvania. Kwa hiyo usinung'unike kwamba huna New York. Andika sini nyingi za usiku na za ndani: ghala, chumba cha mahojiano, tumbo la meli. Jahazi linaweza kuwa Sultana mradi uonyeshe sitaha, kamba na roda tu. Tanga likionekana umeumbuka, maana Sultana haikuwa jahazi. Epuka nguzo za umeme, mabati na miguu yenye kandambili. Kurasa 95 zinatosha. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja. Ikiwa tayari, isajili COSOTA au KECOBO, ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, kabla ya kumtumia prodyuza yeyote, hata awe shemeji.

Hatua ya kumi na moja: isomeni usiku

Waite watu sita ambao hawajui kisa. Zima taa za umeme, washa mishumaa, gawa sehemu, someni kwa sauti kuanzia mwanzo hadi kurasa kumi kabla ya mwisho, kisha simama. Kila mmoja aandike kwenye karatasi jina la muuaji na kifaa chake, bila kuongea na mwenzake.

Wote sita wakikosea, umeficha mno. Rudi ukaongeze mwanga. Wawili wakimpata karani bila kujua alivyofanya, uko pazuri. Nilipofanya mimi, mama mmoja muuza vitambaa aliandika mstari mmoja: "Kwa nini ile fanusi ina upande hauna kioo?" Nilirudi ukurasa wa kwanza nikakuta nimeutaja ule upande mara mbili. Nikafuta mara moja kati ya hizo mbili.